Haidromita haijui pombe: jinsi ya kupata namba ya kweli kwenye ndoo yako

Beba dumu la lita 20 la maji toka bombani mpaka jikoni, alafu kesho yake beba dumu lilelile likiwa limejaa asali ya Sikonge. La kwanza ni kilo 20 hivi ukiacha uzito wa dumu lenyewe, la pili linafika kama kilo 28, na mgongo unakuambia kabla ya mzani. Sisi wa Tabora hili tunalijua toka utotoni maana asali hapa inapita kila nyumba, na ndo maana naumia nikiona watu wanaiogopa haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea kwenye pombe, wakati haidromita inafanya kazi ileile ya mgongo wako. Inauliza swali moja tu: hiki kimiminika nilichoelea ndani yake ni kizito kiasi gani ukikilinganisha na maji? Basi. Hakuna kingine inachouliza.

Wengi tunaotengeneza wanzuki, yani pombe ya asali, nyumbani, na wale wachache wanaopika bia ya kimea cha shayiri au mtama, tunalalamika vilevile: jana imesoma 1.030, leo imesoma 1.032, sasa pombe inarudi nyuma? Alafu mtu anasema kipimo kibovu, anakitupa kabatini, anarudi kuonja kwa ulimi. Mara nyingi kipimo sio kibovu kabisa. Kimejibu kweli, ila kimejibu kuhusu kile kilichokuwa kwenye silinda, ile glasi ndefu ya kupimia, mda ule, na kile kilichokuwa kwenye silinda hakikuwa sawa na kile kilichoko kwenye ndoo. Nikishaelewa hapo mimi mambo yangu yote yalikaa sawa, kwa hiyo naomba tuanzie hapo hapo.

Kile kichupa cha kioo chini kina tumbo lenye uzito, juu kina shingo nyembamba na ndani ya shingo kuna karatasi ya namba. Ukikitia kwenye maji matupu kinazama mpaka namba 1.000 iwe sawa na uso wa maji. Ukiyeyusha sukari au asali, maji yanakuwa mazito, kichupa kinasukumwa juu, namba kubwa zaidi ndo inakutana na uso. Ni yaleyale ya yai bichi, kwenye maji ya kawaida linazama chini, ukikoroga chumvi ya Uvinza ya kutosha linapanda juu lenyewe. Angalia kwamba namba zinaongezeka ukishuka chini ya shingo, sio ukipanda, hii inawachanganya wengi siku ya kwanza. Na kwenye haidromita nyingi za pombe kila kamstari kadogo ni 0.002 na sio 0.001, kwa hiyo mtu akihesabu vimistari kama vya rula anapotea hata kabla hajaanza.

Sasa hamira ikiingia inakula sukari, inatoa pombe na gesi. Gesi inaondoka zake, sukari iliyokuwa inafanya maji kuwa mazito inapungua, na pombe yenyewe ni nyepesi kuliko maji, lita moja ya pombe tupu haifiki hata gramu 800. Kwa hiyo namba inashuka. Sisi tunachukua namba ya mwanzo, tunatoa namba ya mwisho, tunazidisha kwa 131, tunapata asilimia ya pombe kwa makadirio mazuri. Mfano ndoo imeanza 1.073 imeishia 1.003, tofauti ni 0.070, mara 131 ni asilimia 9 na kidogo. Umeona? Pombe hatujaipima popote, tumeihesabu kutokana na uzito uliopotea.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya jirani yangu mmoja wa Ng'ambo. Kipimo chake kina safu tatu za namba, moja ya densiti (zile za 1.000 na kitu), moja ya sukari, moja imeandikwa asilimia ya pombe. Wanzuki yake ilikuwa imekaa wiki sita, imekauka vizuri, haina utamu hata kidogo, akatumbukiza kipimo akasoma safu ya asilimia akakuta sifuri. Akaniita kwa masikitiko kabisa, "Kaka, asali yangu kilo tano imepotea bure, hii haina pombe." Tukaketi tukaangalia vizuri. Ile safu inasema pombe kiasi gani *inaweza kutokea* kwa sukari iliyopo sasa hivi. Sifuri maana yake sukari imeisha, hamira imekula yote, yani pombe iko tele. Kinywaji chake kilikuwa na karibu asilimia 9 na kipimo kilikuwa kinamwambia kazi imekwisha, na yeye alikuwa anataka kumwaga. Ile safu isome siku ya kwanza, siku ya mwisho tena, toa moja kwenye nyingine, au achana nayo kabisa utumie densiti kama mimi.

Tuje kwenye makosa yenyewe. Yako ya siku ya kwanza na yako ya siku za mwisho, hayafanani.

Siku ya kwanza adui mkubwa ni kutochanganyika, na kwa sisi wa asali huyu ndo baba yao. Miaka michache nyuma nilipima asali kilo 5 nikatia kwenye ndoo, nikaongeza maji ya uvuguvugu mpaka mstari wa lita 20, nikazungusha mwiko mara kadhaa, juu ikaonekana sawa rangi ya chai ya rangi, nikachota kwa juu nikapima: 1.048. Nikaona ndogo mno. Nikaongeza kilo mbili. Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele, akaniuliza, "Mwanangu, hicho kichupa kinasemaje?" Nikamwambia, "Kinasema asali haitoshi, mama." Akanyanyuka, akachukua mwiko, akauzamisha mpaka chini ya ndoo akauvuta polepole, na ule mwiko ulitoka na utando mzito wa asali unaning'inia kama kamasi ya bamia. Akasema, "Asali inalala. Hujaiamsha." Akarudi kwenye mchele wake.

Hesabu ingeniokoa kama ningeiamini. Kilo moja ya asali kwenye jumla ya lita moja inatoa kama pointi 290 (pointi moja ni 0.001), tuseme hivyo, kwa hiyo kilo 5 kwenye lita 20 ni 5 mara 290 gawanya kwa 20, unapata pointi 72 au 73, yani 1.073. Kipimo kiliposema 1.048 nilitakiwa nijiulize pointi 25 zimeenda wapi, jibu lilikuwa chini ya ndoo. Baada ya kilo mbili za ziada na kukoroga kweli kweli ikasoma 1.095, hiyo ni nzito sana kwa hamira ya mkate, na matokeo yake nitayasema mbele.

Kwa hiyo kwanza yeyusha asali kwenye maji kidogo ya uvuguvugu kwenye sufuria nyingine mpaka iwe kitu kimoja, ndo uimimine kwenye ndoo uongeze maji mengine, alafu koroga kutoka chini kwenda juu dakika tano nzima, sio kuzungusha tu. Pima sampuli ya juu na sampuli ya chini, zikitofautiana rudi kukoroga. Wanaopika bia ya kimea nao lipo hilihili, ukiongeza maji baridi kufikia ujazo, maji yanakaa juu na supu ya kimea inabaki chini, kipimo kinasoma maji. Na kumbuka asali ya kununua kwa lita na ya kununua kwa kilo sio kitu kimoja, lita moja ni karibu kilo 1.4, mtu anaandika "asali 5" kwenye daftari bila kusema lita au kilo, mwezi ujao anashangaa mbona haifanani.

Adui wa pili ni joto, na huyu yupo mwanzo mpaka mwisho. Kimiminika kikipata joto kinatanuka, kikitanuka kinakuwa chepesi, kipimo kinazama zaidi, namba inatoka ndogo kuliko ukweli. Kila haidromita imetengenezwa kusoma sawa kwenye joto fulani, siku hizi nyingi ni nyuzi 20 na nyingine za zamani ni 15.6, imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ndani ya shingo, itafute kwa mwanga mzuri. Sasa niambie ni lini chumba chako hapa Tabora mwezi wa kumi kimekuwa nyuzi 20 saa tisa alasiri.

Fanya jaribio hili, halina gharama na litakufundisha kuliko maneno yangu. Pima kwa mzani gramu 100 za sukari na gramu 900 za maji yaliyochemshwa yakapoa, changanya mpaka iyeyuke yote. Hiyo kwa nyuzi 20 lazima isome 1.040. Sasa ipime asubuhi ikiwa nyuzi 23, utaona 1.039 na kitu, funga chupa uiache chumbani, saa tisa alasiri ikiwa nyuzi 30 ipime tena, utaona 1.037 na nusu hivi. Sukari haijaenda popote, hamira hakuna, na namba imeshuka karibu pointi mbili kwa jua tu. Sasa fikiria hiyo ndo ndoo yako ya wanzuki, umepima jana mchana, leo umepima asubuhi, namba imepanda pointi mbili, na wewe umekaa unatafuta uchawi.

Kwa kipimo cha nyuzi 20 mimi natumia hivi: sampuli ikiwa nyuzi 25 naongeza 0.001, ikiwa 30 naongeza 0.0025, ikiwa 35 naongeza 0.004, ikiwa 40 naongeza 0.006. Juu ya 40 sisumbuki, nasubiri ipoe, kwa sababu kosa linakuwa kubwa haraka sana, kwenye nyuzi 60 ni kama pointi 15, yani supu ya kimea ya 1.050 inakusomea 1.035 na unaanza kuongeza sukari ambayo haikuhitajika. Na usitumbukize kipimo kwenye kitu kinachotoka kuchemka, kioo kinaweza kupasuka, au ile gundi inayoshika karatasi ikalainika karatasi ikateleza, na karatasi ikishateleza milimita mbili kipimo chote kimehama bila wewe kujua.

Kupoza sampuli hakuhitaji friji. Naweka silinda kwenye beseni lenye maji ya mtungi, maji ya mtungi yanakuwa baridi kuliko hewa ya nje kwa sababu mtungi unatoa jasho, dakika kumi na tano sampuli imeshuka mpaka 24 au 25 na hapo marekebisho ni madogo sana. Ifunike kwa juu wakati inapoa, sampuli ya moto ukiiacha wazi maji yanapanda na mvuke, inayobaki ni nzito zaidi, umekimbia kosa moja umeingia lingine.

Hapo hapo niseme la kipimajoto, maana marekebisho yote yanategemea chenyewe. Watu wanakipima kwenye maji yanayochemka wakitegemea 100, wakiona 96 wanasema kimeharibika. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kipimajoto chako kiko sahihi. Hata Kigoma pale ziwani hayafiki 100, yanachemka kwenye 97 na kitu. Ila mwinuko hauna kazi kwenye haidromita yenyewe, nimeulizwa hili mara nyingi, kuelea ni kulinganisha uzito na uzito kwa hiyo huna haja ya kurekebisha chochote kwa sababu ya mwinuko.

Kuna jambo moja la kutia moyo kwenye joto. Kama namba ya mwanzo na namba ya mwisho zote umezipima kwenye joto moja, mfano zote nyuzi 27, makosa yanakaribia kufutana ukitoa moja kwenye nyingine, kwa hiyo asilimia ya pombe itatoka vizuri hata kama hukurekebisha. Kinachoua ni kupima mwanzo ikiwa ya moto toka jikoni na mwisho ikiwa ya baridi.

Adui wa tatu anaanza kazi hamira ikishaamka, ni gesi. Chota sampuli kwenye ndoo inayochachuka, tia kipimo, alafu inua silinda uiangalie kwenye mwanga wa dirisha. Utaona vitone vidogo vidogo vimeng'ang'ania kioo kama kupe kwenye shingo ya ng'ombe. Kila kitone kinavuta kipimo juu kidogo, vikiwa vingi unasoma namba kubwa kuliko ukweli, unadhani sukari bado ipo. Juzi sampuli yangu ilisoma 1.012, nikaimimina kutoka glasi moja kwenda nyingine mara kama kumi na tano mpaka ikaacha kutoa povu, nikasubiri povu liishe, ikasoma 1.009. Sampuli ileile. Alafu ukishatia kipimo kizungushe kwa vidole kama unavyozungusha pia ya watoto, vitone vilivyobaki vinaachia, na ukiona kinazunguka kwa uhuru ujue hata pembeni hakijagusa. Kikiegemea ukuta wa silinda kinashikwa na hakisomi kweli. Wasio na silinda wanakata chupa ya maji ya lita moja na nusu, inafaa kama kipimo kinaelea katikati na hakigusi chini.

Kusoma kwenyewe: weka silinda mezani, meza isiyoyumba, shuka wewe macho yawe sawa na uso wa kimiminika, usinyanyue silinda mkononi kuileta kwenye macho. Utaona maji yamepanda kidogo kuzunguka shingo ya kioo kama yanavyopanda kwenye ukingo wa glasi. Usisome pale yalipopanda, soma pale uso ulipo bapa. Kwa wanzuki changa au bia nyeusi ambayo huoni kupitia ndani, huna jinsi, soma pale juu yalipopanda alafu ongeza 0.001 au 0.002. Kujua yako ni ngapi, tia kipimo kwenye maji safi, soma juu na soma pa bapa, tofauti uliyoona ndo ya kuongeza siku zote. Shika kipimo kwa ncha ya juu tu na kiwe kimeoshwa kwa sabuni, vidole vya mafuta vinafanya maji yasishike kioo vizuri, na matone yakirukia kwenye shingo juu yanakuwa mzigo, kipimo kinazama zaidi.

Kabla ya kuamini yote hayo kijaribu kipimo chako mara moja ukishakinunua na mara moja moja baadaye, hasa kama kimesafiri kwenye basi au treni. Maji yaliyochemshwa yakapoa, nyuzi 20, yasome 1.000. Yakisoma 1.003 sio mwisho wa dunia, andika kwenye daftari "toa 3" na endelea. Ila usiishie kwenye maji tu, pima na ule mchanganyiko wa sukari wa 1.040, maana kuna vipimo vinapatia kwenye maji vinakosea juu huko ambako ndo namba yako ya mwanzo inakaa. Vikikosea sawasawa kote, karatasi imeteleza, unarekebisha. Vikikosea tofauti tofauti, tafuta kingine.

Na tafadhali sana, haidromita ya fundi betri usiitumie. Kuna kijana aliniletea moja akaniambia ni kitu kilekile, kwa kanuni ni kweli, lakini imekaa kwenye asidi, na hata namba zake zinaanzia kama 1.100 kwenda 1.300, wanzuki yako haifiki hata kwenye mstari wa kwanza. Kile kidarubini cha wanunuzi wa asali nacho kinapima maji yaliyomo kwenye asali mbivu, ukitia maji ya asali kimetoka nje ya namba zake. Hata vile vidarubini vya sukari, vinavyopima kwa jinsi kimiminika kinavyopinda mwanga, pombe ikishaingia vinadanganyika kwa sababu pombe nayo inapinda mwanga.

Wanaotumia mtama na ulezi nina neno fupi. Ile pombe yetu nzito yenye machicha haipimiki ilivyo. Kipimo ukikiweka kinasimama pale ulipokiacha kama kijiko kwenye uji, na hata kikielea, unga unaoelea mle ndani unaongeza uzito ambao sio sukari. Chuja kwa kitambaa, acha sampuli itulie mahali penye ubaridi mpaka mashapo yashuke, pima maji ya juu. Hata hivyo chukulia ni makadirio, maana kwenye pombe ya aina hiyo kimea kinaendelea kugeuza wanga kuwa sukari wakati hamira inaendelea kula, namba ya mwanzo haikuwa imekamilika siku ya kwanza.

Sasa lile la 1.095. Ilikuwa mwezi wa sita, usiku wa Tabora mwezi wa sita na wa saba ni baridi kweli, hamira ikaenda polepole mpaka 1.030 ikasimama. Nikapima siku mbili, zote 1.030, nikasema imekwisha, nikajaza chupa za bia nikaziba. Zilikaa kimya kabatini wiki nyingi. Joto la mwezi wa tisa lilipoingia hamira ikaamka, na pointi 30 za sukari zilikuwa bado zipo. Chupa ya kwanza ilipasuka saa nane usiku, ya pili na ya tatu kabla hakujakucha, vipande vya kioo tuliviokota mpaka kwenye mto wa mtoto, na namshukuru Mungu usiku ule mtoto alikuwa amelala kwa bibi yake. Toka siku hiyo sichukulii namba kama jambo la kujifurahisha.

Namba kusimama haitoshi, uliza imesimama wapi. Wanzuki ya kawaida ya hamira yenye afya inashuka mpaka karibu na 1.000, na ikikauka kabisa inapita chini, 0.998 au 0.996, usishtuke, ni ile pombe nyepesi kuliko maji. Bia ya kimea inabakiza zaidi, mara nyingi kati ya 1.008 na 1.015, kwa sababu kuna sukari nyingine hamira haziwezi. Ikisimama 1.030 na ulianzia juu sana, hiyo imechoka au imesikia baridi, haijamaliza. Ihamishie sehemu yenye joto, ikoroge taratibu uamshe mashapo, subiri. Na kwa asali usitumie siku mbili kama kipimo, asali haina chakula kingi cha hamira zaidi ya sukari, inakwenda mwendo wa kobe, mimi nataka namba moja mara tatu ndani ya wiki mbili, sampuli imetolewa gesi, joto lilelile, saa ileile. Mpaka hapo ndo nagusa chupa.

Sampuli usiirudishe ndooni, inywe au imwage, mililita 150 sio hasara kama ndoo nzima ikiingia uchachu. Na kipimo kikivunjikia ndani ya ndoo, mwaga yote, hata kama asali ilikuwa ya bei, kwenye lile tumbo kuna vigololi vya chuma au vya risasi na vioo vyake ni vyembamba kama ganda la kitunguu, hakuna kitambaa cha kuchujia hicho.

Ndoo iliyopo jikoni sasa hivi nimeibandika karatasi ubavuni. Kila mstari una tarehe, saa, nyuzi, namba iliyosomwa, namba iliyorekebishwa. Mstari wa kwanza unasema asali kilo 5, lita 20, nyuzi 25, imesoma 1.072, kweli 1.073, juu na chini sawa. Wa mwisho ni wa jana asubuhi, nyuzi 25, imesoma 1.001, kweli 1.002, mara ya pili mfululizo. Mama mkubwa alionja ile sampuli, akatulia kidogo, akasema bado kidogo. Nitapima tena Jumamosi.